Baba Alileta Mlio, Mwana Akauzima

Mtu wa pwani aliyesimuliwa na wazee habari za vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 huenda amekwisha kulisikia jina la Maxim, asijue kuwa ni jina la mtu. Asubuhi ile manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sayyid Khalid bin Barghash kwa muda usiotimia saa nzima, na watu wapatao 500 wa upande wa jumbani wakafa au wakajeruhiwa. Miongoni mwa silaha za watu wa Khalid zilikuwamo bunduki za Maxim, zile ambazo Waswahili waliziita bombomu kwa mlio wake.

Aliyezibuni ni Hiram Stevens Maxim, Mmarekani wa jimbo la Maine aliyehamia London. Huyu amekwisha kuandikwa sana, na sisi tuliozaliwa katika nchi zilizotawaliwa kwa mtutu wake hatuna haja ya kukumbushwa. Wa leo ni mwanawe, Hiram Percy Maxim, aliyezaliwa Brooklyn, New York, tarehe 2 Septemba 1869, na ambaye kazi yake iliyompa jina ilikuwa kinyume kabisa cha ile ya babake.

Mwaka 1881 baba alisafiri kwenda Paris kutazama maonyesho ya umeme, kisha akaweka makazi Uingereza, na hakurudi tena kuishi na mkewe wa kwanza na watoto wao. Percy alikuwa na umri wa kama miaka 12. Akakua kwa mamake, akasoma ufundi katika chuo cha MIT huko Boston, akamaliza mwaka 1886, umri haujatimia 17. Baba huko ng'ambo alizidi kutajirika, akapewa cheo cha Sir mwaka 1901. Lakini kulikuwa na malipo: miaka mingi ya kusimama kando ya bunduki zake mwenyewe ikifyatua mamia ya risasi kwa dakika ilimharibu masikio, na katika uzee wake akawa kiziwi hasa. Alikufa mwaka 1916, vita vikuu vikiendelea, na bunduki za namna yake zikivuna vijana wa Ulaya kama mpunga.

Percy alianzia kwenye magari. Mwaka 1895 aliajiriwa na kampuni ya Pope katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, na humo akatengeneza magari wakati Wamarekani wengi walikuwa bado hawajaliona hata moja. Lakini umaarufu ulimjia kwa njia ya hamamu. Husimuliwa kuwa alikuwa akiyatazama maji ya kuogea yakizunguka yakishuka kwenye tundu, yakienda bila kelele, akawaza: kama hewa ya moto inayotoka nyuma ya risasi ingezungushwa vivyo hivyo kabla ya kuachiliwa, je, isingetoka kimya? Tarehe 30 Machi 1909 akapewa hati ya kumiliki ubunifu wake, kiwambo cha kuzuia sauti, kikawa kikiuzwa dukani na kwa posta kwa dola chache. Theodore Roosevelt, yule rais mstaafu aliyeteremka Mombasa Aprili mwaka huohuo akiwania simba na ndovu, naye alikuja kuwa na bunduki yenye kiwambo cha Maxim.

Hapa nasimama kidogo, kwani sinema zimetudanganya sana. Si kila bastola inayokubali kunyamazishwa. Ile yenye gurudumu la risasi haifai, kwa sababu kati ya gurudumu na mtutu pana mwanya, na mlio hutokea hapo kabla haujafika kwenye kiwambo. Bastola nyingi kubwa nazo mtutu wake huchezacheza kila inapofyatuliwa, hivyo uzito ulioning'inizwa mbele huipa taabu. Tena risasi ikipita mwendo wa sauti, yaani kama mita 340 kwa sekunde, hulia hewani yenyewe kama mjeledi, na hakuna kiwambo kiwezacho kuufunga mlio huo.

Ndiyo maana wajuzi huchagua risasi ndogo ya .22, ambayo kiwashio chake hukaa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Baruti yake ni kidogo mno, na ikipigwa kwa mtutu mfupi wa bastola mara nyingi huwa haiufikii mwendo wa sauti. Bastola kama Colt Woodsman, iliyotoka mwaka 1915 mjini Hartford kwa Maxim mwenyewe, mtutu wake umekazwa, haucheзi. Hata hivyo kimya chenyewe si kimya. Ni mlio uliopunguzwa, na chuma kinachokwenda mbele na nyuma bado husikika.

Maxim alivitangaza viwambo vyake kwa ajili ya walenga shabaha wasiotaka kuudhi majirani. Dunia iliviona vingine. Mwaka 1934 serikali ya Marekani iliviwekea ushuru wa dola 200 na sharti la kuandikishwa. Ushuru huo ulidumu hadi ulipofutwa kuanzia Januari 2026, uandikishaji ukabaki. Na katika vita vya pili vya dunia, yeye akiwa kaburini, majasusi wa Marekani walipewa bastola ya .22 ya kampuni ya High Standard, ya jimbo lilelile la Connecticut, yenye kiwambo kilichounganishwa nayo. Inasimuliwa kuwa mkuu wao, William Donovan, aliifyatua ndani ya ofisi ya Rais Franklin Roosevelt na rais asitambue. Mimi kisa hicho nakipokea kwa mkono mmoja. Lisilo na shaka ni kwamba rubani Gary Powers alikuwa na bastola hiyo alipoangushwa na Warusi tarehe 1 Mei 1960.

Mwenyewe Percy alikwisha kuachana na bunduki zamani. Kiwanda chake kiligeukia kunyamazisha mashine na injini, kazi ambayo fundi yeyote wa gari mjini kwetu anaijua kwa jina la sailensa. Na moyo wake ulikuwa kwenye redio. Mwaka 1914 alitaka kumpelekea ujumbe mtu wa Springfield, mji usiozidi maili 30, mitambo yake isifike. Ikabidi mwingine wa katikati aupokee na kuupeleka mbele. Kutokana na udhia huo akaanzisha, pamoja na kijana Clarence Tuska, chama cha wapenda redio cha kupokezana ujumbe, na mwaka 1925 huko Paris akachaguliwa rais wa kwanza wa umoja wao wa dunia.

Mwaka 1936 kilitoka kitabu chake juu ya babake, chenye vichekesho vingi vya utotoni. Mtu angetazamia lawama kutoka kwa mtoto aliyeachwa, humo hazikutawala. Mwaka huohuo, akiwa safarini kwa treni kwenda California, aliugua koo, akateremshwa La Junta, jimbo la Colorado, akafa tarehe 17 Februari. Alizikwa Hagerstown, Maryland, kwa jamaa za mkewe. Herufi alizokuwa akijitambulishia hewani zilikabidhiwa kituo cha chama chake huko Newington, Connecticut, nacho kingali kikizitumia, W1AW.