THOMAS ODHIAMBO, KAPITA WA WATAFITI WA WADUDU



Mu namba hii ya gazeti letu mimi nimepewa ukurasa wa maisha ya mtu mkubwa. Najua watu mingi wanangojea jenerali ao mwimbaji. Mimi nimechagua mtu aliyepitisha maisha yake pamoja na tsetse, kupe, nzige na mchwa. Jina lake ni Thomas Risley Odhiambo, mtu wa Kenya. Alikufa mwaka wa 2003, na sisi wanafunzi wa leo tulikuwa bado kuzaliwa.

Juu ya nini yeye? Kwa sababu wenye akili wako wengi, lakini mara nyingi kazi ya mwenye akili inakufa siku anapokufa mwenyewe. Odhiambo alijua kupanga watu wengine ili wafanye kazi ya sayansi pamoja, na ile nyumba ya utafiti aliyoianzisha inafanya kazi hata leo. Hiyo njo elimu ninayotaka tuitazame.

1. UTOTO NA MASOMO

Odhiambo alizaliwa tarehe 4 Februari 1931 ku Mbita, kwenye ukingo wa ziwa Viktoria, upande wa Kenya. Ni nchi ya Wajaluo, watu wa samaki na mtama. Kule wadudu si jambo la kitabu. Mbu yuko, tsetse yuko, na funza wa kutoboa mashina ya mtama yuko pia. Mtoto wa pale anawajua mbele ya kujua kusoma.

Alisoma ku Maseno, shule ya misioni ya Kiprotestanti kama hii yetu. Kisha akaenda Makerere, ku Uganda. Alipomaliza alibaki Uganda, akifanya kazi ya serikali upande wa wadudu wanaoharibu mashamba. Huko alianza kuandika juu ya kabila moja la wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mimea. Kazi ile ni ya subira: kukamata, kupima, kuchora miguu na mabawa, kupanga majina. Hakuna anayekupigia makofi.

Baadaye alipelekwa Uingereza, ku iniversite ya Cambridge. Mwalimu wake alikuwa Vincent Wigglesworth, mmoja wa wakubwa wa dunia kwa elimu ya mwili wa mdudu. Odhiambo alichunguza nzige wa jangwani: namna gani dawa ndogo sana inayotoka katika kichwa cha mdudu mwenyewe inaongoza mwili wake na uzazi wake. Mu 1965 alipata daraja la udaktari, akarudi kufundisha ku Nairobi. Kenya ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru.

2. WAZO LA MWAKA 1967

Mu Novemba 1967 Odhiambo aliandika makala katika gazeti kubwa la Marekani linaloitwa Science. Alieleza kwamba Afrika ya Mashariki haiwezi kuendelea kwa kuazima sayansi ya wengine siku zote. Inapaswa kuwa na nyumba chache za utafiti zenye nguvu kweli, na Waafrika wenyewe wawe ndani yake kama watafiti, si kama wachukuzi wa masanduku tu.

Wasomaji, hapa tukumbuke mambo ya kwetu Kongo. Sisi tulikuwa na nyumba kubwa za utafiti mbele ya wengi. Ku Yangambi, kituo kikubwa cha kilimo cha INEAC, shirika lililoanzishwa mu 1933. Ku Lwiro, karibu na Bukavu, kituo cha IRSAC, shirika lililoanzishwa mu 1947. Majengo mazuri, vitabu, maelfu ya mimea na wanyama waliokaushwa. Lakini wakubwa wote walikuwa Wabelgiji. Wakongo walijua kazi ya mikono kwa ufundi wa kweli, lakini wenye diplome za iniversite walikuwa wachache sana. Ilipofika 1960, wale wakubwa wengi wakaondoka. Majengo yalibaki, lakini watu waliotayarishwa kuyaongoza hawakuwapo.

Odhiambo alitaka njia ingine. Alianza na watu, na majengo yangefuata.

3. NYUMBA YA WADUDU

Mwaka wa 1970 nyumba yake ilianzishwa ku Nairobi, jina lake ICIPE, maana yake Kituo cha Kimataifa cha Elimu ya Mwili na Maisha ya Wadudu. Yeye alikuwa direkta wa kwanza, mwenye miaka 39. Hakuanza na ngorofa. Alianza kwa sehemu ndogo ku Chiromo, kwenye uwanja wa iniversite. Baadaye sana ndipo makao makubwa yalijengwa upande wa Kasarani, na mahali pale pakaitwa Duduville. Kila mtoto anayesema Kiswahili anaelewa: mji wa wadudu!

Shida ya kwanza ilikuwa hii: watafiti wakubwa wa kuongoza vijana watatoka wapi? Odhiambo na wenzake, kama yule mkemia Carl Djerassi wa Marekani, walipata mpango. Wanasayansi wenye jina kutoka nchi za mbali walikubali kuongoza utafiti bila kuacha iniversite zao. Walikuja Nairobi mara kwa mara, wakapanga kazi, wakarudi kwao. Watafiti vijana ndio waliokaa pale na kufanya kazi kila siku.

Mpango ule ulikuwa na faida: kijana wa Nairobi alifundishwa na watu wa kwanza katika dunia. Ulikuwa na hatari pia. Kama mkubwa yuko mbali, nani anajibu swali la leo asubuhi? Nani anakata neno mashini ikiharibika? Basi polepole mzigo ulipaswa kuwa juu ya mabega ya watu wanaokaa pale pale. Mgeni ni msaada wa kuanza. Nyumba inaongozwa na anayelala ndani yake.

4. NAMNA YA KUPANGA EKIPE

Ndugu, hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu sehemu hii inatugusa hata sisi wa klasi.

ICIPE haikuchunguza wadudu wote wa dunia. Ilichagua maadui wachache: tsetse, kupe wa ng'ombe, wadudu wanaotoboa mashina ya mahindi na mtama, na wadudu wanaoletea watu magonjwa. Kila adui alikuwa na programu yake, na kila programu ilikuwa na mkubwa wake na watu wake.

Lakini tsetse hashindwi na mtu wa tsetse peke yake. Lazima mkemia ajue harufu gani inamvuta. Lazima mwingine ajue namna jicho na pembe za mdudu zinavyopokea ile harufu. Mwingine aangalie ndani ya mwili wake kwa mikroskopi ya nguvu. Kama kila programu inatafuta mkemia wake na mikroskopi yake, pesa zitaisha kwa mwezi mmoja. Basi pembeni ya programu ziliwekwa sehemu za ufundi: sehemu ya kemia, sehemu ya hisia za wadudu, sehemu ya mikroskopi. Sehemu hizo zilitumikia programu zote. Ni sawa na profesa wetu wa kemia, anayefundisha klasi nyingi bila kuwa mali ya klasi moja.

Mpango kama huu ni mzuri, lakini unaleta ugomvi kama hakuna uongozi. Mkemia mmoja ana mabwana wawili: mkubwa wa kemia na mkubwa wa programu. Kila mmoja anataka kazi yake itangulie. Kwa hiyo kunahitajika mambo matatu. La kwanza, swali liandikwe wazi, kila mtu ajue tunatafuta nini. La pili, kila kazi iwe na mwenyewe na tarehe yake. La tatu, matokeo yatolewe nje, wengine wayasome na kuyahukumu. ICIPE ilikuwa ikichapisha ripoti yake ya kila mwaka, na mu 1980 lilianzishwa gazeti la sayansi ya wadudu wa nchi za joto, ambalo Odhiambo alikuwa mhariri wake.

Tazameni salongo. Watu hamsini wenye nguvu wanaweza kutoa jasho tangu asubuhi, na jioni kazi isionekane, kwa sababu wa jembe hakujua wa mfereji anafanya nini. Nguvu haikukosa. Kilichokosa ni mpango.

5. KUTOKA LABORATUARI MPAKA SHAMBANI

Odhiambo alirudisha kazi kwao pia. Kituo kikubwa cha shambani kilijengwa ku Mbita, pale pale alipozaliwa. Sababu yake ni ya sayansi: funza wa mtama lazima achunguzwe kwenye mtama, mbele ya mkulima mwenye ule mtama. Leo kituo kile kinaitwa kwa jina lake.

Mfano mwingine ni wa Nguruman, kusini ya Kenya, kwa Wamasai. Miaka ya 1980 watafiti wa ICIPE walitengeneza huko mtego wa tsetse kwa kitambaa cha buluu na cheusi, pamoja na wavu. Harufu ya kumvuta ilitoka kwa mkojo wa ng'ombe na dawa moja ya kawaida ya laboratuari. Wenyeji walishona mitego na kuilinda.

Mtego mdogo unawezaje kushinda nzi wa pori zima? Tsetse hatagi mayai mamia kama nzi wa jikoni. Mama tsetse anazaa mtoto mmoja tu kwa wakati, kila siku kenda ao kumi hivi. Ukiondoa mama wachache kila siku, bila kuacha, wanaobaki hawawezi kujaza pengo. Sisi watu wa Maniema tunaijua malali. Tsetse wa mito yetu ni wa kabila lingine, lakini uzazi wake ni ule ule. Kumbe elimu ya tumbo la nzi, ambayo wengine wanaiona mchezo wa matajiri, njo inaonyesha mwanakijiji namna ya kushinda kwa kitambaa.

6. KUFUNDISHA WARITHI

Mu 1983 ICIPE pamoja na iniversite za Afrika ilianza programu ya kufundisha madaktari wa sayansi ya wadudu. Mwanafunzi anaandikwa katika iniversite, lakini utafiti wake anaufanya ICIPE. Tangu wakati ule mamia ya vijana wa nchi nyingi za Afrika wamepita pale. Mu 1985 Odhiambo alikuwa prezida wa kwanza wa Akademi ya Sayansi ya Afrika. Mu 1987 alipewa zawadi kubwa ya uongozi juu ya kazi ya kumaliza njaa katika Afrika, pamoja na Abdou Diouf, prezida wa Senegali wa wakati ule.

Hatusemi alikuwa malaika. Aliongoza miaka 24, mpaka 1994, na miaka hiyo ni mingi. Nyumba inaweza kuzoea sauti moja. Tena pesa nyingi zilitoka kwa wafadhili wa nje, nao wanapenda mradi wa miaka michache, wakati mdudu anahitaji kuchunguzwa miaka mingi. Vita hiyo ya pesa haijaisha mpaka leo katika vituo vyote vya Afrika.

Lakini kipimo cha kiongozi ni siku anapotoka. Odhiambo alipoondoka, nafasi yake ilichukuliwa na Hans Herren, Mswisi. Huyu alikuwa ameongoza vita juu ya kile kidudu cheupe kama unga kilichoingia mihogo ya Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikishinda kwa kuleta adui wake kutoka Paraguay, nyigu mdogo sana. Sombe na bugali tunavyokula leo vina deni kwa kazi ile. Mu 2013 uongozi ulikwenda kwa Segenet Kelemu wa Ethiopia, mwanamke wa kwanza kuongoza ICIPE. Dada zetu wa klasi ya biolojia na kemia, mmesikia?

Na ku Mbita wakulima walifundishwa kupanda majani fulani kati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza kipepeo wa funza, na majani mengine pembeni ya shamba ili kumvuta huko. Kazi ile ilikomaa Odhiambo akiwa ametoka. Mti uliendelea kuzaa bila yule aliyeupanda.

7. KWA SISI

Thomas Odhiambo alikufa tarehe 26 Mei 2003, mwenye miaka 72.

Kati yetu tunaomaliza mwaka huu, wengi wanasema sayansi ni ya watu wa Kinshasa ao ya Ulaya, kwa sababu huku laboratuari ni chache. Ni kweli, ni chache. Lakini Lualaba iko hapa, tsetse yuko hapa, muhogo uko hapa. Maswali tunayo mengi kuliko Cambridge. Tunachokosa ni watu wa kukaa pamoja juu ya swali moja miaka kumi bila kutawanyika, na mkubwa anayejua kuwapanga, kuwalisha kazi, na kuwaachia nafasi.

Basi ninyi mnaobaki nyuma yetu, mkiwekwa kuwa kapita wa klasi, msifikiri ni kazi ya kupiga filimbi tu. Jifunzeni kugawa kazi, kuandika nani anafanya nini, na kumtayarisha atakayewafuata. Pengine mmoja wenu ataongoza Lwiro ao Yangambi siku moja. Aanze mazoezi hapa.

Kapita wenu wa mwaka wa mwisho