Salum Abdallah wa Morogoro

Babu yangu wa Koboko alikuwa askari wa K.A.R., na Kiswahili tunachosema nyumbani ni kile alichorudi nacho kutoka kambini. Alirudi pia na gramafoni na sahani chache. Gramafoni ilikufa zamani, bali sahani moja ingali kabatini, nayo ina jina la Salum Abdallah na Cuban Marimba.

Sikuijali sahani ile hata mwaka jana, wenzangu watatu nami tulipopiga adungu pamoja na gitaa la umeme mbele ya watu hapa Arua. Mzee mmoja akasema tumeviharibu vyote viwili. Neno hilo liliniuma. Babu akacheka, akanitolea sahani yake, nami nikaanza kutafuta habari za mwenye sauti ile.

Bwana Salum alizaliwa Morogoro, Tanganyika, mwaka 1928. Siku za ujana wake maduka ya Afrika Mashariki yaliuza sahani za Kikuba zenye herufi G.V. na picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Ya kwanza ya namba hizo ilikuwa El Manisero. Salum akazipenda kupita kiasi, hata akatoroka kwao akitaka kwenda Kuba kwenyewe. Akaishia Mombasa. Mimi naona ilikuwa heri, kwa maana huko Havana angekuwa mpiga rumba mmoja kati ya maelfu.

Basi akarudi Morogoro, na mwaka 1948 akaanzisha bendi iliyoitwa La Paloma, yaani njiwa kwa Kihispania. Baadaye ikaitwa Cuban Marimba. Ukisoma jina tu utadhani ni wageni, lakini sikiliza. Magitaa yanakwenda kwa mwendo wa rumba na chacha, vijiti vinagonga mapigo ya Kuba, na maneno ni Kiswahili kitupu. Mwimbaji hana haraka. Anatoa mstari wake, wenzake wanaitikia, kama watu wanaojibizana ngomani. Wimbo wake mmoja mashuhuri ni Ngoma Iko Huku, na jina lenyewe ni mwaliko.

Mji wa Morogoro ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa na bendi nyingine kubwa, Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Watu walichagua upande kama wachaguavyo timu za mpira, na kila bendi ilibidi itunge nyimbo mpya isiaibishwe na jirani.

Sahani za Bwana Salum zilitolewa na Mzuri, kampuni ya Mombasa. Mji ule ule uliomkatisha safari ndio ulioichukua sauti yake na kuipeleka mbali, hata moja ikafika Koboko.

Alifariki kwa ajali ya motokaa mwezi wa Novemba 1965, akiwa na miaka 37 tu. Juma Kilaza akaishika bendi, ikaendelea kupiga.

Sahani ya babu ina ufa upande mmoja. Wimbo tumeupata katika simu ya mwenzetu, na kila Jumamosi twajaribu kuutoa kwa adungu. Nyuzi zetu hazifikii sauti mbili za juu. Fundi mmoja ameahidi kutuongezea nyuzi mbili kabla ya likizo, ila anataka tulipe kwanza.