Jacob Wainwright

Jacob Wainwright (alifariki Urambo, 1892) alikuwa Myao aliyejulikana kwa shajara aliyoiandika kwa mkono wake wakati wa safari ya kuuleta pwani mwili wa David Livingstone.

Wayao ni watu wa mashariki na kusini mwa Ziwa Nyasa, eneo ambalo karne ya 19 liliumizwa sana na biashara ya watumwa. Wainwright alikamatwa akiwa mtoto, akaokolewa na meli ya Waingereza na kupelekwa Uhindi, kwenye shule ya wamisionari karibu na Nasik. Huko alijifunza kusoma na kuandika Kiingereza.

Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa watu ambao Henry Morton Stanley aliwatuma kwa Livingstone, aliyekuwa akiwasubiri Unyanyembe (karibu na Tabora ya leo).

Safari ya kurudisha mwili

Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu. Wainwright alisoma sala za maziko, kisha akachonga jina la marehemu na tarehe kwenye shina. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa siku 14 na kufungwa ndani ya gome la mti.

Unyanyembe walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike mwili palepale. Walikataa, ingawa walikuwa wapagazi na watumishi tu mbele ya afisa wa Kiingereza. Mbele zaidi, wenyeji wa Kasekera hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wasafiri wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe. Usiku wabebaji wakayatupa porini. Mwili wenyewe ulikuwa umeshafungwa upya kama mtumba wa nguo, ukapita bila kushukiwa. Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,600.

Uingereza na baadaye

Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa mmoja wa waliolisindikiza jeneza ndani ya Westminster Abbey, Mwafrika pekee kati yao. Susi na Chuma, waliobeba mzigo mkubwa wa uongozi, walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Hata hivyo vitabu vya shule vimewakumbuka zaidi wao, na Wainwright ametajwa kwa nadra.

Aliporudi Afrika alifanya kazi na wamisionari, akafika hadi Buganda enzi za Kabaka Mutesa I. Mwisho alikuwa kwenye misheni ya Urambo, magharibi mwa Tabora, karibu na njia ileile ya misafara.

Shajara

Shajara inaanza Mei 1873 na kuishia msafara ulipofika pwani. Ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1874, lakini maandishi ya asili ya Kiingereza yalikaa muda mrefu bila kuchapishwa. Yamehifadhiwa Blantyre, Uskoti, alikozaliwa Livingstone, na tangu 2019 yanasomeka mtandaoni. Ni maelezo pekee ya safari hiyo yaliyoandikwa njiani na Mwafrika aliyeshiriki.