James Kirkman, mtunzaji wa vigae na shanga za Pwani

Msafiri aingiaye Kisiwa cha Mombasa kutoka bara hupita Makupa, mahali ambapo daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2022. Ni wachache wanaokumbuka kuwa hapo palikuwa na kivuko kilichopata kuamua hatima ya mji. Mwaka 1589 Wazimba walivukia hapo na kuiangamiza Mombasa. Wareno walipojenga Fort Jesus kati ya mwaka 1593 na 1596, waliona pia haja ya kuweka ngome ndogo za kulinda kivuko cha Makupa.

Miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuifumbua historia hiyo ni marehemu James Spedding Kirkman, mwanaakiolojia Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 1989.

Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gede, karibu na Malindi, mwaka 1948. Msitu ulikuwa umeufunika mji huo kwa karne kadhaa. Chini ya mizizi alikuta misikiti, visima, jumba la mtawala na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia.

Nyumba za Gede zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri na Nyumba ya Ushanga wa Venice. Punje moja ya kioo iliyotoka Ulaya ilitosha kuthibitisha kwamba bidhaa za mbali zilifika kwenye nyumba za Waswahili.

Vitu hivyo vidogo vilikuwa na faida nyingine. Bakuli la Uchina huweza kutambulikana lilifinyangwa zama za watawala gani. Likikutwa chini ya sakafu, basi sakafu hiyo haiwezi kuwa ya kale kuliko bakuli lenyewe. Kwa njia hiyo Kirkman alizipa umri kuta zisizokuwa na maandishi.

Hapo ndipo ulipo uchungu wa habari hii. Wazee wetu walikuwa wakipachika mabakuli ya kauri katika makaburi ya nguzo ili kuwaenzi marehemu wao, na kaburi la Mambrui ni mfano mashuhuri. Lakini katika makaburi mengi ya Pwani yamebaki matundu ya mviringo tu, kwa kuwa mabakuli yaling'olewa. Bakuli lililoondolewa mahali pake huenda likapendeza sebuleni, ila limekwisha kupokonywa ushahidi wake.

Mwaka 1958 Fort Jesus, iliyokuwa gereza tangu 1895, iliacha kufunga watu. Kirkman alikabidhiwa kazi ya kuichimba na kuikarabati, kwa fedha za Wakfu wa Calouste Gulbenkian wa Ureno. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makavazi. Humo viliwekwa vitu kutoka Gede, Ungwana na ngome yenyewe. Watu binafsi pia, wakiwamo Bi J. C. White na Bw C. E. Whitton, walitoa vitu walivyokuwa wamevikusanya, umma ukapata kuvitazama.

Kirkman aliandika vitabu kadhaa, kikiwamo kile cha Fort Jesus kilichotoka mwaka 1974. Hata hivyo, hakukosa kasoro. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliita Gede mji wa Waarabu, na kwa miaka mingi Waswahili walinyimwa sifa ya kazi ya mikono yao. Watafiti waliomfuata wameonyesha kuwa miji hiyo iliota katika ardhi ya Afrika na ilijengwa na wenyeji wake. Waliweza kumsahihisha kwa sababu vigae na shanga alizofukua zilihifadhiwa, zikaweza kuchunguzwa upya.

Fort Jesus iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 nayo inamtaka anayegundua kitu cha kale aziarifu Makavazi za Kitaifa. Kwa hiyo anayechimba msingi wa nyumba, iwe Makupa au Mji wa Kale, akikuta kigae au ushanga asikitupe wala asikiuze. Atoe habari na aonyeshe hasa mahali alipokikuta, kwani mahali hapo ndipo penye nusu ya historia.