Mkunga aliyeshona mwanasesere ili akina mama wasife

UKIMWONA mwanafunzi wa fiziotherapia akikunja goti la sanamu darasani, usimcheke. Hachezi. Anakosea hapo mapema ili asije akamkosea mgonjwa kesho.

Na wazo hili si la juzi. Zaidi ya miaka 260 iliyopita, kuna mama Mfaransa aliyelitekeleza kwa sindano na uzi.

Jina lake ni Angélique du Coudray. Alipata leseni ya ukunga jijini Paris mwaka wa 1740, akafanya kazi huko miaka kadhaa kabla ya kwenda mkoa wa Auvergne. Kule mashambani mambo yalikuwa mabaya. Akina mama na watoto walikufa au kubaki na ulemavu mikononi mwa wakunga ambao hawakuwahi kufunzwa na yeyote. Awape kitabu? Wengi hawakujua kusoma.

Basi akaamua kushona. Kwa kitambaa, ngozi na pamba, alitengeneza kiuno cha mwanamke, saizi ya mtu kamili, pamoja na kitoto chake. Kamba na mikanda ilionyesha jinsi njia ya uzazi inavyotanuka. Hata mdomo wa kile kitoto ulifunguka, ili mkunga aingize kidole na kujifunza kumtoa mtoto aliyetanguliza miguu. Mwanafunzi akivuta vibaya, anarudia tu. Hakuna anayezikwa.

Mwaka wa 1759 Mfalme Louis XV alimpa kibali cha kufundisha kote nchini. Kumbuka hizo ni enzi ambazo mwanamke hangekubaliwa kusomea udaktari chuoni. Yeye, akiwa ameshavuka miaka 40, akafunga virago na sanamu zake, akazunguka mji baada ya mji hadi miaka ya 1780. Kozi ilichukua kama miezi miwili. Maelfu ya wanawake walipita mikononi mwake, na hata madaktari wa upasuaji walikaa chini wakafunzwa, nao wakaenda kufunza wengine.

Alifariki mjini Bordeaux mwaka wa 1794. Sanamu yake moja bado imehifadhiwa kwenye makumbusho mjini Rouen.

Kwa hivyo wewe unayesomea kazi ya kugusa miili ya watu, usione haya kurudia zoezi mara ya kumi. Sanamu haiumii. Mgonjwa anaumia.