Kanali Bryan na Kesi ya Mwalimu wa Dayton

William Jennings Bryan alizaliwa tarehe 19 Machi 1860 katika mji mdogo wa Salem, jimbo la Illinois, nchini Marekani. Miezi minne hivi kabla ya hapo, mjini London, mtaalamu wa Kiingereza aitwaye Charles Darwin alikuwa ametoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe. Mtoto yule na kitabu kile walikua pamoja, kila mmoja upande wake wa bahari, na miaka 65 baadaye walikutanishwa katika chumba cha mahakama. Habari hiyo ndiyo tunayokusudia kuwasimulia leo, ndugu wasomaji, lakini haieleweki vema bila ya kumjua kwanza mtu mwenyewe.

Baba yake alikuwa hakimu, mtu wa sala na wa kilimo. Bryan alisomea sheria huko Chicago, akamwoa Mary Baird mwaka 1884, na mwaka 1887 akahamia mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska, nchi ya wakulima wa mahindi na ngano. Mkewe naye alijisomea sheria akakubaliwa kuwa wakili, jambo lililokuwa nadra mno kwa mwanamke wa siku zile. Mwaka 1890 Bryan alichaguliwa kuingia Bunge la nchi.

Wakulima wa magharibi walikuwa wakizama katika madeni. Fedha ya nchi ilifungwa kwenye dhahabu, bei ya mazao ilishuka kila mwaka, na deni lililochukuliwa kwa magunia kumi likahitaji magunia ishirini kulilipa. Bryan akawa msemaji wao. Mwezi Julai 1896, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Chicago, alisimama akatoa hotuba ya kudai fedha itengenezwe kwa madini ya fedha pamoja na dhahabu, na alipomaliza wajumbe walimbeba mabegani. Siku iliyofuata wakamfanya mgombea wao wa urais. Umri wake ulikuwa miaka 36. Alizunguka nchi kwa gari moshi mwendo wa kilomita 29,000 hivi, akihutubia vituoni mchana na usiku, na hata hivyo William McKinley akamshinda kwa kura milioni 7.1 dhidi ya milioni 6.5. Mwaka 1900 alishindwa tena na McKinley huyo huyo, na mwaka 1908 akashindwa na William Taft. Mara tatu aligombea, mara tatu akaanguka.

Kati ya anguko la kwanza na la pili kuna kipande cha maisha yake ambacho kitawagusa wasomaji wa ukurasa huu. Marekani ilipoingia vitani na Hispania mwaka 1898, Bryan alijitolea, akaunda rejimenti ya tatu ya askari wa kujitolea wa Nebraska, naye akawa Kanali wake. Amiri Jeshi Mkuu alikuwa Rais McKinley, yaani yule yule aliyemshinda. Rejimenti ikapelekwa Florida, ikawekwa kambini. Hawakuona adui. Adui wao alikuwa matope, jua, na homa ya matumbo iliyotembea kutoka hema hadi hema na kuwachukua vijana ambao hawakupata hata kulenga shabaha. Kanali huyo, ambaye watu walikuwa wakisafiri siku nzima kuja kumsikiliza, alifunga kinywa chake. Aliamini kwamba aliyevaa sare hana ruhusa ya kuhutubia siasa, na amri hiyo aliishika kwa miezi mitano. Mkataba wa amani ulipotiwa saini mwezi Desemba alijiuzulu siku zile zile, kisha akaanza kusema: kwamba ni aibu kwa nchi iliyopigania uhuru wake kuwatawala Wafilipino kwa bunduki. Jeshini hakuwa hodari wa vita. Lakini alijua tofauti kati ya sare na jukwaa, na si kila mwanasiasa aliyepewa cheo cha kijeshi aliijua.

Mwaka 1913 Rais Woodrow Wilson alimfanya Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Bryan alitia saini mikataba 30 na mataifa mbalimbali, ambayo ilitaka ugomvi wowote uchunguzwe kwanza kwa muda hadi mwaka mmoja kabla ya mtu kushika silaha. Mabalozi aliwagawia vijembe vidogo vya kukandamizia karatasi mezani, vilivyofuliwa kutokana na panga kuukuu za jeshi. Wengi walicheka. Mwaka uliofuata Ulaya ikawaka moto. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya abiria Lusitania, watu 1,198 wakafa, Wamarekani 128 miongoni mwao. Wilson aliandika barua kali kwa Ujerumani. Bryan aliona barua hiyo inaivuta nchi vitani, akakataa kuitia saini, akaacha uwaziri.

Sasa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba Bryan alimchukia Darwin kwa sababu tu ya kusoma Biblia kupita kiasi. Hiyo ni nusu ya habari. Alikuwa mcha Mungu, ni kweli, lakini kwa miaka mingi hakuishughulikia sana nadharia ya mageuko ya viumbe. Vita vile vikuu ndivyo vilivyomgeuza. Alisoma kitabu cha mtaalamu wa wanyama Vernon Kellogg, aliyekaa na maofisa wa jeshi la Ujerumani nchini Ubelgiji, akawasikia wakihalalisha vita kwa kusema kuwa maumbile yenyewe yameamuru mwenye nguvu amle mnyonge. Alisoma pia uchunguzi ulioonyesha kwamba vijana wengi wa vyuo walipoteza imani kadiri walivyoendelea na masomo. Akaunganisha mambo haya mawili. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kuwatetea wakulima dhidi ya mabenki, fundisho la ushindi wa wenye nguvu lilionekana kuwa sumu ile ile aliyoipinga siku zote, ila sasa imetiwa katika chupa ya shule.

Hapo kuna kosa, nalo ni kubwa. Darwin alieleza jinsi viumbe walivyobadilika katika mamilioni ya miaka: kwamba hakuna wawili wanaofanana kabisa, kwamba wale ambao tofauti zao zinawafaa mahali walipo huacha uzao mwingi zaidi, na kwamba kwa njia hiyo aina mpya hutokea polepole. Hakusema kwamba binadamu ni mtoto wa nyani tunayemwona leo mwituni. Nadharia husema kwamba sisi na nyani tuna mababu wa mbali walio wamoja. Kueleza namna jambo lilivyotokea si kuamuru watu watende vivyo hivyo. Daktari anayefundisha jinsi malaria inavyoua hawaambii wanafunzi wake wafuge mbu. Maofisa wale wa Kijerumani walijiazimia elimu ya viumbe kama mwizi anavyojiazimia sare ya polisi, na Bryan, badala ya kumkamata mwizi, alitaka sare ipigwe marufuku.

Kuanzia mwaka 1921 alizunguka majimboni akihubiri hivyo. Hoja yake nyingine ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: shule ni za wananchi, mishahara ya walimu hutoka katika kodi zao, basi wao ndio wenye kauli juu ya yale wafundishwayo watoto wao. Huko Kentucky mwaka 1922 mswada wa kukataza nadharia hiyo ulianguka kwa kura moja tu. Tennessee walifaulu. Sheria iliyoletwa na mkulima mmoja mbunge, John Washington Butler, ilitiwa saini mwezi Machi 1925. Ilikataza shule zote za serikali kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama wa daraja la chini, kinyume cha uumbaji unaoelezwa na Biblia, na atakayevunja atatozwa faini ya dola 100 hadi 500. Bryan aliipokea kwa furaha, ingawa alikuwa ameshauri isiwekwe adhabu yoyote.

Chama kimoja cha kutetea haki za raia kilitangaza magazetini kwamba kitamgharimia mwalimu yeyote atakayekubali kushtakiwa ili sheria hiyo ijaribiwe. Katika mji wa Dayton, wenye watu wasiofikia 2,000, wakubwa wa mji walikaa katika duka la dawa wakaona hiyo ni njia nzuri ya kuutangaza mji wao. Wakamwita John Scopes, kijana wa miaka 24, mwalimu na mkufunzi wa mpira. Kitabu kilichoruhusiwa na jimbo lenyewe kwa somo la elimu ya viumbe kilikuwa na maelezo ya mageuko. Kwa hiyo mwalimu aliyekitumia alikuwa mkosaji bila ya kukusudia. Scopes akakubali ashtakiwe. Askari polisi wanaosoma makala hii labda hawajapata kuona mshtakiwa aliyekamatwa kwa urahisi namna hiyo. La ajabu zaidi ni kwamba Scopes alikuwa amemaliza shule huko huko Salem alikozaliwa Bryan, na mwaka 1919 Bryan ndiye aliyewahutubia wanafunzi wa darasa lake siku ya kuagana.

Bryan alijitolea kuisaidia serikali katika mashtaka, ijapokuwa hakuwa amesimama mahakamani kwa zaidi ya miaka 30. Upande wa utetezi akaja Clarence Darrow wa Chicago, wakili mashuhuri kupita wote, ambaye zamani alimuunga mkono Bryan katika uchaguzi wa 1896. Kesi ilianza tarehe 10 Julai 1925 mbele ya Hakimu John Raulston. Waandishi wa habari walifurika, redio ikatangaza moja kwa moja kutoka mahakamani, na barabarani wachuuzi waliuza Biblia, maji ya limau na vinyago vya nyani.

Utetezi ulileta wataalamu wa sayansi ili waeleze mageuko ni nini. Hakimu akakataa wasisikilizwe na wazee 12 wa baraza la hukumu, akisema kwamba swali ni moja tu: je, mwalimu alifundisha au hakufundisha? Kwa sheria alikuwa na sababu. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba kesi juu ya elimu iliendeshwa bila ya elimu yenyewe kupewa nafasi mbele ya waamuzi.

Tarehe 20 Julai, joto likiwa kali na sakafu ikihofiwa kuvunjika kwa uzito wa watu, mahakama ilihamia nje uwanjani. Hapo Darrow akafanya jambo lisilotazamiwa: akamwita Bryan mwenyewe atoe ushahidi kama mjuzi wa Biblia. Wenzake walipinga, lakini mzee yule wa miaka 65 hakuwa mtu wa kukimbia jukwaa. Kwa muda wa saa mbili hivi Darrow alimuuliza juu ya Yona na samaki, juu ya Yoshua na jua, juu ya mke wa Kaini na tarehe ya gharika. Bryan alijibu kama muumini, kisha, alipobanwa juu ya siku sita za uumbaji, alikiri kwamba si lazima ziwe siku za saa 24, huenda zilikuwa vipindi virefu sana. Wafuasi wake wengi waliguna. Ikiwa yeye mwenyewe alikuwa na ruhusa ya kuyafasiri maandiko, mwalimu wa Dayton alinyimwa ruhusa hiyo kwa sababu gani?

Kesho yake hakimu aliufuta ushahidi wote huo. Darrow akaomba mteja wake ahukumiwe ili apate kukata rufani, na kwa hila hiyo Bryan akakosa nafasi ya kutoa hotuba ndefu ya mwisho aliyoitayarisha. Waamuzi walitoka kwa dakika tisa, wakarudi na neno moja la hatia. Faini ilikuwa dola 100, na Bryan alisema yu tayari kumlipia mwalimu huyo.

Yapo mawili ambayo hayakusemwa Dayton, nasi tulio Afrika tunayaona upesi. Kitabu kile cha shule kiliwagawa wanadamu katika mataifa matano ya rangi na kuwaweka watu weupe juu ya wote. Hakuna upande uliolifanya hilo kuwa hoja. Bryan, mtetezi wa wanyonge, hakuwa mtetezi wa mtu mweusi, na mwaka 1924 alikipinga chama chake kisilitaje kwa jina, katika kulilaumu, kundi la Ku Klux Klan. La pili ni kwamba mwezi Februari wa mwaka ule ule wa 1925 Raymond Dart alitangaza kichwa cha mtoto wa kale kilichopatikana Taung, Afrika Kusini, kiumbe kati ya nyani na mtu. Darwin alikuwa amekisia tangu 1871 kwamba chimbuko la binadamu ni bara hili. Wataalamu wa Ulaya walimbeza Dart kwa miaka mingi, na mwaka 1959 Mary Leakey akaokota fuvu lingine la kale katika bonde la Olduvai, Tanganyika.

Mwaka 1927 mahakama kuu ya Tennessee iliifuta faini ya Scopes, kwa kuwa ilipangwa na hakimu badala ya waamuzi, lakini sheria yenyewe ikaachwa ikaishi hadi 1967. Vitabu vya shule viliogopa kulitaja neno mageuko kwa miaka zaidi ya 30. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi ilibatilisha sheria ya namna hiyo huko Arkansas, na mwaka 1987 ile ya Louisiana iliyotaka uumbaji ufundishwe sawa na mageuko kama sayansi. Ugomvi haukufa, mwaka 2005 ulifika tena mahakamani, safari hii huko Pennsylvania.

Bryan hakuyaona hayo. Siku nne baada ya hukumu alikuwa bado akihutubia katika miji ya Tennessee na kuhangaikia kuchapishwa kwa hotuba yake. Jumapili tarehe 26 Julai 1925 alikwenda kanisani, akala chakula cha mchana Dayton, akajilaza, asiamke tena. Aliyeongoza Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje na kugombea urais mara tatu angaliweza kupewa kaburi la heshima popote, lakini alikuwa ametaka Arlington, katika makaburi ya wanajeshi, na huko ndiko alikozikwa, kwa haki ya miezi ile mitano ya Kanali wa rejimenti ya tatu ya Nebraska.