David Bruce na Fumbo la Damu

Je, umepata kusikia habari za ugonjwa wa malale? Ukikaa Kalinzi, au kijiji kingine cha Mkoa wa Kigoma, waulize wazee. Huenda wakakueleza waliyosimuliwa na wazazi wao: kwamba kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwahamisha Waha wengi kutoka makwao na kuwakusanya mahali pamoja, ili kuwaepusha na mbung'o. Watu waliacha mashamba yao na makaburi ya babu zao kwa sababu ya mdudu mmoja.

Katika somo hili utasoma maisha ya David Bruce, daktari aliyeonyesha kwamba mbung'o ndiye anayeeneza malale. Utasoma pia fumbo moja ambalo Bruce hakulifumbua.

Maisha yake

David Bruce alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Melbourne, nchini Australia. Alipokuwa na umri wa miaka 5, wazazi wake walirudi kwao Uskoti. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akaenda kufanya kazi katika ghala. Alipenda sana michezo, lakini akiwa na miaka 17 aliugua homa ya mapafu, na ndoto yake ya kuwa mwanamichezo ikaisha. Hakukata tamaa. Alirudi masomoni, na mwaka 1881 akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1883 alimwoa Mary Steele. Bibi huyo alijifunza kutumia hadubini na kuchora vijidudu, akawa mwenzake katika kazi zote.

Mwaka 1894 Bruce na mkewe walikwenda Ubombo, katika nchi ya Wazulu, kusini mwa Afrika. Ng'ombe wa huko walikuwa wakikonda na kufa kwa ugonjwa uitwao nagana. Bruce na mkewe walikaa katika kibanda cha miti na udongo, na baraza yake wakaifanya maabara. Bruce alipeleka wanyama wazima katika bonde lenye mbung'o. Baada ya siku chache wanyama hao waliugua. Alipopima damu yao kwa hadubini, aliona vijidudu vyembamba vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Vijidudu hivyo ni vidogo mno. Ukivipanga 50 katika mstari mmoja, utapata urefu wa milimita 1 hivi. Baadaye wanasayansi waliviita kwa jina la Bruce.

Mwaka 1903 Bruce alikwenda Entebbe, nchini Uganda. Wakati huo malale yalikuwa yakiua watu wengi sana kandokando ya Ziwa Viktoria. Waliokufa katika miaka hiyo walizidi 200,000. Daktari mwingine, Aldo Castellani, alikuwa ameona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bruce akakumbuka mbung'o wa Ubombo. Watu wa Uganda walimsaidia kukusanya nzi kutoka sehemu mbalimbali za nchi yao. Alipoweka alama katika ramani, aliona kwamba mahali penye malale pana mbung'o pia.

Bibi Mary alifariki tarehe 23 Novemba 1931. Bruce naye alifariki tarehe 27 ya mwezi huo huo, wakati mkewe alipokuwa akizikwa.

Fumbo

Sasa fikiri jambo hili. Mbung'o wa Ubombo waliwauma ng'ombe, na waliwauma watu pia. Ng'ombe waliugua nagana na kufa, lakini watu hawakuugua nagana. Ni kitu gani kilichowakinga? Ili upate jibu, fanya kwanza jaribio hili.

Jaribio: Tia maji katika bilauri. Dondosha tone moja la mafuta ya mawese. Koroga, kisha acha yatulie. Unaona nini?

Mafuta yanaelea juu. Mafuta na maji havichanganyiki. Lakini mwili wako unahitaji mafuta. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando mwembamba sana uliofanywa kwa mafuta na protini. Utando ukichakaa huhitaji mafuta mapya, na mafuta hayo hupitia katika damu. Nayo damu, kwa sehemu kubwa, ni maji. Yanapitaje?

Protini ndizo zinazoyabeba. Protini hizo huyazunguka mafuta na kuyafanya vifurushi vidogo sana vinavyoweza kusafiri katika damu. Fikiri mtumbwi katika Ziwa Tanganyika. Gunia la chumvi likitupwa majini halifiki ng'ambo, bali likipakiwa mtumbwini hufika salama. Protini ni mtumbwi, na mafuta ni shehena. Vifurushi hivyo huchukua mafuta kutoka utando wa seli moja na kuyapeleka kwenye seli nyingine.

Kijidudu cha nagana nacho kina utando, nacho kinahitaji mafuta. Kikiwa ndani ya damu huvimeza vifurushi hivyo. Lakini katika baadhi ya vifurushi vya damu ya binadamu imo protini ya pekee. Mwaka 2003 wanasayansi wa Ubelgiji walieleza kazi yake. Protini hiyo huingia ndani ya kijidudu pamoja na mafuta, kisha hutoboa tando zake. Maji huingia, kijidudu huvimba na kufa. Damu ya ng'ombe haina protini hiyo.

Kwa nini basi watu huugua malale? Kijidudu cha malale kinachopatikana Tanzania kina protini yake mwenyewe, ambayo huikamata ile ya binadamu kabla haijatoboa. Damu ya nyani, kama wale wanaoishi katika Hifadhi ya Gombe, jirani na Kalinzi, ina protini isiyokamatwa hivyo. Kwa hiyo nyani hukingwa hata na kijidudu hicho. Sokwe wanaoishi nao msitu mmoja hawana kabisa protini hiyo ya kinga.

Jikinge

Damu yako, basi, hukukinga na nagana, lakini haikukingi na malale. Mbung'o huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Ukienda porini kurina asali au kukata kuni, usivae nguo nyeusi wala za buluu, kwa sababu rangi hizo huwavuta mbung'o. Mtu akipata homa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha baada ya kuumwa na mbung'o, apelekwe hospitali mapema. Malale yasipotibiwa huua.

Maswali

1. Bruce alijuaje kwamba mbung'o ndio wanaoeneza malale?
2. Bibi Mary Bruce alifanya kazi gani?
3. Kwa nini mafuta hayawezi kusafiri peke yake katika damu?
4. Eleza jinsi kijidudu cha nagana kinavyokufa katika damu ya binadamu.
5. Kati ya nyani na sokwe, ni yupi ambaye damu yake ina protini ya kinga?
6. Waulize wazee wa kijiji chako habari za malale, kisha uandike walivyokueleza.